Masinki Hasi Manne

"Nani ameuza choo chini ya sifuri?"

Shemeji aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni pa duka lake la vifaa vya ujenzi, simu mkononi, mkanda wa suruali haujafungwa vizuri. Mama Stoo, ambaye kiunoni alining'iniza funguo nyingi kuliko milango ya duka, alijifanya anapanga misumari. Mdogo wake Shemeji, dereva wa duka, alikuwa anafuta kioo cha pikapu kilichokuwa safi tangu jana yake. Wote walijua swali lile lina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa nyuma ya rafu ya mabomba, amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kompyuta mapajani. Alikuwa mke wa yule dereva, na pale dukani walimwita Injinia. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Siku alipouonyesha kwa mara ya kwanza ukurasa wa duka alioutengeneza, Shemeji alibonyeza mfuko mmoja wa saruji, akaongeza mwingine mmoja, na kikapu cha ukurasani kikamwandikia mifuko kumi na moja. Tarakimu zilikuwa zimeingia kama maneno, na maneno hayajumlishwi, yanabandikwa tu moja ubavuni mwa jingine. Aliliondoa kosa lile kabla chai haijapoa, lakini wateja walikuwa wameshacheka mpaka machozi. "Injinia wetu huyo! Moja na moja kumi na moja!" Likaganda.

"Nauliza tena," alisema Shemeji, akaanza kusoma kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Mabomba, bando sita. Koki, kumi na mbili. Tangi la maji, moja, lile kubwa. Halafu hapa, jamani nisaidieni: masinki ya choo, hasi manne. Hasi! Jumla ya yote, bei ya ndoo ya rangi. Imelipwa. Na mzigo umetoka!"

"Mimi niliona imeandikwa imelipwa," alisema Mama Stoo haraka. "Iliyolipwa natoa. Hiyo hasi nilijua ni mambo ya kompyuta."

Injinia alikwishaelewa kabla hajamaliza kusikiliza, na masikio yakamwaka moto. Kila bidhaa kwenye ukurasa ilikuwa na vitufe viwili, cha kuongeza na cha kutoa. Cha kuongeza alikiwekea mpaka, mtu asiagize kuliko kilichomo stoo. Cha kutoa hakukiwekea chochote. Nani angetoa zaidi ya alichoweka? Basi kumbe yupo mtu. Amebonyeza kitufe, idadi ikashuka mpaka sifuri, akaendelea kubonyeza, na kikapu chake kitiifu kikaendelea kutoa, kikichukua bei ya masinki manne na kuikata kwenye bei ya tangi na mabomba. Mstari mmoja tu wa msimbo wa kompyuta ungetosha kuzuia yote hayo.

"Ni kosa langu, Shemeji," alisema akisimama.

Hapo ndipo alipoponzwa na ulimi wake, maana Shemeji alikuwa bado anatafuta wa kumshika.

"Mmemsikia? Mwenyewe kasema." Akaingiza simu mfukoni, akafunga mkanda. "Nani kaagiza mzigo huu?"

"Fundi Koki," alijibu Mama Stoo.

"Fundi Koki! Mtu ninayemwamini kama ndugu! Kanifanya mjinga kwa mlango uliomfungulia wewe. Sasa sikiliza, shemeji yangu. Aliyebomoa hujenga. Huo ukurasa utakaa nao, utaulinda, utaukesha, mpaka pengo hili lizibe. Hakuna kunyanyuka hapo."

Injinia alimtazama mumewe. Asubuhi ile ndiyo waliyokuwa wamekubaliana. Kampuni moja ya kusafirisha vifurushi ilikuwa imempa kazi ya kutengeneza kurasa zake, kazi ya mshahara, meza na barua, na mpaka Ijumaa jioni alitakiwa awe amejibu kwamba Jumatatu ataanza. Mume ndiye angemwambia kaka yake, kwa kuwa neno la kuondoka nyumbani kwa kaka hulisema ndugu, si mke wa ndugu. Leo ilikuwa Alhamisi. Mume aliendelea kufuta kioo.

* * *

Chumba chao kilikuwa ndani ya yadi ya duka, kati ya banda la saruji na ukuta. Zamani kiliwekwa vigae, na sakafuni mistari ya maboksi ilikuwa bado inaonekana. Vumbi la saruji lilipenya hata kwenye chumvi. Duka likifungwa, Shemeji alitia kufuli kubwa kwenye geti na kwenda na ufunguo nyumba ya mbele, na yeyote kati yao aliyetaka kutoka, hata kununua dawa ya mtoto, ilimbidi agonge mlango wa jikoni, aombe, aeleze anakwenda wapi. "Ni kwa usalama wa mali," alisema mke wa Shemeji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, naye Injinia alikuwa kuku mgeni mwaka wa pili sasa, tangu mumewe apoteze kazi ya udereva wa basi la wafanyakazi. Binti yao wa miaka mitano alishajifunza kuvua viatu na kuficha mikono nyuma kila alipoingia sebuleni kwa baba yake mkubwa.

Mshahara hawakuwa nao. "Mnalala bure, mnakula bure," alisema Shemeji siku ya kwanza, na neno hilo bure lilikuja kuwa ghali kuliko kodi ya nyumba yoyote mjini. Kwa neno hilo hilo alikataa kulipia mfumo wa duka uliokwisha kutengenezwa. Injinia alimweleza kuwa upo, unalipiwa kwa mwezi, kila kitu kimo tayari. "Nilipe kwa mwezi wakati fundi anakula kwangu kila siku?" Basi akaandika yote mwenyewe kwa JavaScript tupu, lugha ya kuandikia kurasa, bila msaada wa chombo chochote, kama mtu anayechimba msingi kwa kijiko. Alichojifunza kwanza, baada ya kuhangaika sana, ni kwamba kikapu si kile kinachoonekana kwenye kioo. Kikapu chenyewe kinakaa ndani, kimya, na kioo kinachora tu kile kilichomo. Ukirekebisha kioo ukaacha cha ndani, unajidanganya. Mteja akigusa kitu kidogo tu, ukweli unajichora upya.

Mchana ule walikula wawili mlangoni, mtoto akilala.

"Hukusema," alisema Injinia.

"Ningesemaje? Mtu ana moto kichwani, nimwongezee petroli?"

"Utasema jioni?"

"Tungoje kidogo. Kaka hasira zake hazidumu, zinapita."

"Kidogo ya lini? Kesho jioni ndiyo mwisho wao."

Mume alimega, akatafuna, akatafuna zaidi ya ilivyohitajika. "Wewe mwenyewe fikiria. Umemtia mtu hasara ya tangi, kisha siku hiyo hiyo unamwambia kwaheri. Watu watasemaje? Fadhila za punda."

"Punda ni mimi?"

"Sijasema hivyo, mama. Msemo tu."

Injinia aliinamisha kichwa. Aibu ya kosa lile ilikuwa imemkaa kifuani kama donge la ugali baridi. Baadaye akauliza, "Huo mzigo si wewe ndiye uliyeupeleka? Fundi Koki hakusema neno lolote?"

"Alisema shika kamba vizuri, tangi lisianguke."

"Basi?"

"Basi."

Alijibu akitazama sahani. Injinia alimwamini, kwa kuwa alikuwa mumewe, na kwa kuwa siku ile hakuwa na nguvu ya kutomwamini mtu.

* * *

Ijumaa aliuandika ule mstari mmoja: idadi ikifika sifuri, kitufe cha kutoa kisisikie tena. Akaujaribu kwa masinki, kwa saruji, kwa rangi, kwa kila kilichokuwemo dukani. Kikapu kikagoma kushuka. Ndoo aliyokalia ilikuwa imemchora duara nyuma ya mapaja, na mgongo ulikuwa unamwambia mambo yake. Kiti alikwisha kukiomba mara tatu. Shemeji alijibu kila mara kwamba ndoo ile ni imara, ni ya rangi ya mafuta.

Shemeji mwenyewe alishinda akimpigia simu Fundi Koki, na simu haikupatikana, na kila ilipokosa kupatikana Fundi Koki aliongezewa cheo. Asubuhi alikuwa mjanja. Saa za chai akawa tapeli. Ilipofika adhuhuri alikuwa jambazi aliyestahili kufungwa na ukoo wake wote.

Alasiri jambazi akafika.

Alikuja kwa miguu, shati limemganda mgongoni, anasukuma mkokoteni wa kukodi, na juu ya mkokoteni yamepangwa masinki manne ya choo, meupe, mapya, bado yamevaa makaratasi yake. Aliusimamisha katikati ya mlango, wateja wakabanana pembeni.

"Leo mnanidhalilisha hivi?" alifoka. "Mtu mzima nasukuma vyoo barabarani, watoto wananifuata wanaimba! Nimengoja pikapu yenu mpaka mwenye nyumba akataka kunitupia nje vyoo na mimi mwenyewe!"

"Simu yako umezima kwa nini?" Shemeji alimkaribia akiwa amekunja mikono ya shati.

"Imeingia maji, mimi fundi bomba, ulitaka iingie nini? Pokea mali yako."

"Mali yangu gani?"

Fundi Koki alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Masinki. Mwenye nyumba alinunua kumi, vyumba ni sita. Manne yamebaki. Tangu duka hili lianze, kilichobaki bila kufunguliwa kinarudi na kinakatwa kwenye mzigo unaofuata. Si ndivyo? Au umebadilisha sheria?"

"Ndivyo."

"Haya. Juzi nikafungua huo ukurasa wenu kwenye simu. Natafuta pa kurudishia, hamna. Naona kitufe cha kutoa. Nikasema, si ndiyo hiki? Natoa manne. Nikabonyeza mara nne. Kikaandika hasi manne, kikakata bei yake, kikanijumlishia kilichobaki. Safi! Wewe ningekuja hapa ungenisimamisha nusu siku na kikokotoo, tunagombana. Nikalipa. Sasa mwizi nani?"

Mama Stoo ndiye wa kwanza kuhesabu kichwani. Bei ya masinki ilikuwa imekatwa, masinki haya hapa. Hakuna kilichopotea.

Injinia alihisi donge la kifuani linayeyuka, akakaribia kucheka. Alikuwa amekesha akijiita mjinga. Kumbe kikapu chake hakikudanganya hata senti.

"Ila mmeniudhi kitu kimoja," aliendelea Fundi Koki, na akamnyooshea kidole dereva aliyekuwa amesimama nyuma ya pikapu. "Huyu bwana. Amekuja na mzigo, nikamwambia, ndugu, pakia na masinki yenu, nimeyatoa kwenye simu. Akaniambia ngoja nikaulize, narudi. Mpaka leo anauliza."

Kila mtu aligeuka. Mume wa Injinia alishika kitambaa chake cha kufutia vioo kwa mikono miwili. Injinia alimtazama usoni, uso ule ule wa jana mchana uliotazama sahani, na sasa ukajichora upya mbele yake.

Angetukanwa na Shemeji, ingekuwa nafuu kwa wote. Lakini Shemeji hakuwa na habari naye. Alikuwa amesimama mbele ya masinki, anasugua kidevu, na macho yake yameanza kung'aa kwa namna ambayo wote pale waliijua.

"Ngoja," alisema. "Ina maana fundi anaweza kurudisha mabaki akiwa huko huko kazini? Na bei inajikata?"

"Ndiyo nakwambia."

"Na wale wa ng'ambo ya barabara, wana kitu hiki?"

"Wale? Wale hata risiti wanaandika kwa mkaa."

Shemeji akacheka, kicheko cha tumbo zima, akampiga Fundi Koki begani mpaka akayumba. "Mafundi wote watahamia hapa! Injinia! Njoo hapa, shemeji yangu. Mnamwona huyu? Damu ya nyumbani hii! Huo mstari ulioweka leo asubuhi, toa. Waache warudishe. Weka na pikapu ipite kuchukua. Aah! Na mimi nilikuwa nimekasirika!"

Wateja waliitikia. Mtu mmoja alipiga makofi. Injinia aliona kwamba kama kuna saa, ndiyo hii. Hana hatia, amesifiwa, tajiri anacheka. Akakaza moyo.

"Shemeji, nina neno."

"Sema, mama, sema."

"Nimepata kazi. Ya ofisini. Wanataka nianze Jumatatu."

Kicheko hakikukatika mara moja, kilishuka taratibu. Shemeji alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Jumatatu hii? Na hii ataishika nani? Umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, hakuna kampuni nitakayoipigia simu. Ikikwama leo, anayejua ifunguliwe wapi ni wewe peke yako duniani."

Ilikuwa kweli. Ungenunuliwa ule mfumo wa kulipia, leo angeondoka na kumwachia Shemeji namba ya simu ya wenyewe. Alichojenga kwa kijiko, kijiko kilikuwa kimebaki mkononi mwake.

"Nimeiandika wazi, Shemeji. Nitamfundisha mume wangu. Jioni jioni. Haichukui muda."

Macho yote yakarudi kwa dereva. Alikuwa amejikunja kidogo, na watu wakiwa wamemtazama vile, mafundi, wateja, Mama Stoo, akalazimisha tabasamu.

"Mimi nifundishwe na mke wangu?" Mtu mmoja alicheka pembeni. Dereva akapata nguvu. "Kaka, usisumbuke. Tulishalizungumza hili. Ataendelea hapa hapa."

"Tulizungumza nini?" aliuliza Injinia kwa sauti ndogo.

"Tutaongea ndani."

"Mnaona?" alisema Shemeji, na mkono wake ukatua begani kwa mdogo wake. "Nyumba yenye mwanamume. Maana kile chumba, siwafichi, ni cha mtu wa duka. Lakini hatujafika huko."

Fundi Koki ghafla aligundua kwamba mkokoteni ni wa kukodi na mwenyewe anausubiri.

* * *

Ndani, mume alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulijua," alisema Injinia. "Jana nakuuliza, unatazama sahani. Nimekesha nikijiona mwizi. Ungesema neno moja tu!"

"Nilisahau."

"Hukusahau."

Nje Mama Stoo alikuwa anafunga madirisha ya duka, moja baada ya jingine. Mume alikuna goti.

"Sikusahau," alisema hatimaye. "Nilisema moyoni, hasira hizi zikikaa kidogo, hiyo Ijumaa itapita. Unanielewa? Huko unakotaka twende, mimi nitakuwa nani? Hapa nikipita watu wanasema, huyo mdogo wake tajiri. Huko nitashinda ndani nakungoja wewe urudi na mshahara. Mume wa Injinia."

"Kwa hiyo ukaona afadhali niitwe mharibifu."

"Ukitaka, nenda. Sijakufunga. Mimi na mtoto tutabaki kwa kaka."

Alisema polepole, bila ubaya, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kituo cha basi. Mtoto alikuwa sakafuni anapanga vipande vya vigae kwa rangi. Injinia alimtazama, akamwonea uchungu, akajionea uchungu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamchukia mumewe waziwazi, chuki iliyokuwa na joto lake na jasho lake.

Simu ikalia. Alikuwa yule mama wa kampuni ya vifurushi, sauti yake changamfu. Ofisi ilikuwa karibu kufungwa, alisema, na alitaka tu kuandika jina kwenye orodha ya Jumatatu.

"Nipe mwezi mmoja," alisema Injinia.

"Ningekupa, dada yangu. Lakini yupo mwingine anangoja nje ya mlango."

"Basi mpeni."

"Una hakika?"

Mume alikuwa ameacha kukuna goti. Injinia alisema ana hakika, akamshukuru yule mama, akaweka simu juu ya kitanda. Kidogo wakasikia kufuli la geti.

* * *

Jumamosi asubuhi aliufuta ule mstari mmoja. Aliouandika kwa aibu akaufuta kwa sifa, na kikapu kikakubali tena kushuka chini ya sifuri. Kabla ya saa nne mafundi watatu walikuwa wamerudisha mabaki yao bila kufika dukani, na Shemeji alimsomea orodha zao kila aliyeingia, mwenye kununua na mwenye kuuliza njia.

Kisha akatoka stoo amebeba boksi kubwa, analikumbatia kwa mikono miwili.

"Injinia, nyanyuka hapo."

Lilikuwa boksi la kiti. Kiti cha ofisi, cha magurudumu, chenye mgongo mrefu na mikono miwili, kimenunuliwa kwa pesa taslimu. Mama Stoo alipiga kigelegele. Akaichukua ile ndoo, akaifuta duara la vumbi, akairudisha rafuni kati ya wenzake, kwa kuwa ilikuwa bado imejaa na bei yake ipo.

"Magurudumu tunayatoa," alisema Shemeji akikitazama kiti. "Sakafu hii ina mteremko, kitamkimbiza. Tukifunge kwenye ubao."

Mume alikwisha kupiga magoti. Alikuwa na spana, na alionekana mwenye furaha, amepata kazi anayoiweza mbele za watu. Akayang'oa magurudumu, akakikalisha kiti juu ya ubao mzito, akapitisha boliti nne, akazifunga moja moja akihema.

"Haya, kaa tuone."

Injinia akakaa. Kiti kilimpokea vizuri mgongoni. Kilikuwa laini, na kimo chake kilikuwa sawasawa kabisa na rafu ambayo kuanzia leo ingekuwa meza yake.

"Jisukume kidogo," alisema mume kutoka chini. "Kinacheza?"

Akajisukuma mbele, akajisukuma nyuma.

"Hakichezi."

"Ngoja," alisema mumewe, na akakaza boliti mzunguko mmoja zaidi.